Neno Moja Juu ya Faili la Ujenzi

Swali lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa dogo kiasi kwamba naona aibu kulieleza. Je, lile neno nililoongeza mwezi wa pili lilikwenda kwenye faili moja, au lilikwenda kwenye faili zote?

Ningeweza kupata jibu kwa dakika tano. Ndiyo maana nilichukua wiki. Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka linachakaa. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikimtumia mtu salamu kwa simu, naisoma tena na tena nikitafuta mahali nilipomkosea. Lakini jambo likiwa la kutisha kweli, silifikirii. Nalizunguka kama mbuzi anavyozunguka kamba yake, mpaka nabaki na nafasi ndogo ya kusimama.

Niseme kwanza kazi yenyewe ilikuwa nini.

Nilikaa mwaka mmoja na nusu baada ya chuo bila kazi, kisha nikaajiriwa kwa majaribio na kampuni ndogo hapa Nakuru. Ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la dawa za mifugo, upande wa chini wa Milimani, pale ambapo miti mikubwa ya wenye nacho inaishia na kelele za maduka zinaanza. Tulikuwa watatu: boss, dada mmoja aliyenitangulia kazini miaka miwili, na mimi. Tulitengeneza kifaa kimoja tu, kisanduku cheupe cha plastiki kinachofungwa ukutani kwenye kioski cha maji ili kupima floraidi.

Mtu wa bonde hili hahitaji kuelezwa floraidi ni nini. Imo katika maji ya visima vyetu vingi. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yanaumbwa ndani ya ufizi, yatatoka na rangi ya kahawia, na hakuna mswaki utakaoyarudisha. Ikizidi sana, miaka ikienda, hata mifupa huumia. Meno yangu ni ya kahawia. Nilipofika chuo, wenzangu walijua natoka wapi kabla sijamaliza kujitambulisha. "Huyu ni wa Nax," walisema, yaani Nakuru. "Chai ya rangi alianza kunywa akiwa tumboni." Nilicheka nao, mkono ukiwa mdomoni. Siku ya mahojiano ya kazi hii ndiyo mara ya kwanza nilipoutoa mkono. Boss alinitazama meno, akatabasamu, akasema, "Wewe tutakuchukua. Wewe ni tangazo."

Kifaa kilifanya kazi hivi. Kijiti cha kupimia, ambacho tulikiita kihisi, kilikaa ndani ya bomba, baada ya maji kupita kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Chujio hilo ndilo linaloondoa floraidi, lakini huchoka, na likichoka lazima mkaa ubadilishwe. Kazi ya kisanduku ilikuwa kuwaambia watu limechoka lini. Kilikuwa na skrini ndogo yenye mstari unaopanda na kushuka, na chini ya mstari neno moja. Maji yakiwa mazuri, neno lilikuwa SALAMA, kwa kijani. Yakiwa mabaya, HATARI, kwa nyekundu.

Kulikuwa na neno la tatu, kwa manjano: SIJUI. Liliwekwa na mtu aliyeshika kazi hii kabla yangu, ambaye sikuwahi kukutana naye. Wengi tungeandika kwamba kuna hitilafu, tena kwa Kiingereza. Yeye aliandika SIJUI. Kihisi kikikauka au waya wake ukikatika, hesabu ndani ya programu hufika mahali inagawanya sifuri kwa sifuri, na kompyuta ina jibu lake la pekee kwa jambo hilo: inasema hili si namba. Yule mtu alikuwa ameandika mstari mmoja wa kuuliza, kabla ya kitu kingine chochote, je, hii ni namba? Kama si namba, mashine iseme haijui.

Sasa lile neno langu.

Mwezi wa pili boss alianza kulalamika kwamba skrini ni nzito. Alikuwa akiwaonyesha wageni, wale wa kufadhili miradi, na mstari ulichukua muda mrefu kuchorwa. "Hii mashine inafikiria kama wewe," aliniambia mbele yao. "Mgeni amesimama, chai imepoa, yenyewe bado inajiuliza." Dada wa meza ya pili alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Tangu siku ile aliniita Profesa wa Wasiwasi.

Nikatafuta kwenye mtandao, nikakuta mtu ana shida kama yangu, na mwingine amemjibu kwa neno moja lenye kistari mbele: -ffast-math.

Nieleze taratibu. Programu huandikwa kwa lugha ambayo binadamu anaweza kuisoma, kisha kompaila huigeuza kuwa lugha ya mashine. Faili zikiwa nyingi, huzungumzi na kompaila mwenyewe. Unaandika faili la ujenzi, na chombo cha ujenzi kinalisoma, kinaipelekea kompaila faili moja baada ya nyingine, pamoja na maagizo yako ya ziada. Agizo la namna hiyo ofisini tuliliita flagi. Flagi hii niliyoipata inaiambia kompaila ifanye hesabu haraka na isiwe na wasiwasi. Ili isiwe na wasiwasi, inapewa ahadi: kila namba itakayokutana nayo itakuwa namba kweli.

Nilisoma maelezo hayo. Siwezi kusema sikuyasoma. Nilijua kwamba flagi ile ilifaa kwenda kwenye faili moja tu, lile la kuchora mstari. Lakini kulipa faili moja agizo lake peke yake kulihitaji mistari mitatu ambayo sikuielewa vizuri, na boss alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akipiga funguo zake kwenye kiganja. Nikaliandika neno juu kabisa ya faili la ujenzi, mahali pa maagizo ya jumla. Nikafuta kila kilichokuwa kimejengwa, kama tulivyofundishwa, nikajenga upya. Mstari ukaruka kwenye skrini kama panzi. Boss akanipiga bega. Nikajiambia kwamba kesho nitarudi nilihamishe lile neno mahali pake.

Sikurudi. Ijumaa ile nilipewa barua ya kuajiriwa rasmi. Nilimpigia mama, akapiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani akaja kuuliza kama nimeoa.

Miezi minne baadaye boss alinituma Kariandusi, kwenye kioski kilichopata kifaa chetu cha kwanza. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja Alhamisi ya wiki iliyofuata na alitaka picha nzuri. Ukishuka kutoka barabara kuu kuelekea ziwani, vumbi jeupe la machimbo linakaa juu ya kila kitu, juu ya majani, juu ya mabati, juu ya nyusi za watu. Mathe wa kioski alikuwa amekipangusa kisanduku chetu mpaka kinang'aa. Alikuwa mama wa makamo, mwenye koti la mwanamume na sauti ya mtu aliyezoea kupanga foleni.

"Injinia!" aliniita. "Karibu. Wewe ndiye uliyeponya mashine?"

"Kuponya vipi, mathe?"

"Si zamani ilikuwa inasumbua. Mara SALAMA, mara SIJUI, mara SIJUI tena. Inasema haijui, tunangoja, tunakisafisha kile kijiti, watu wanatukana. Tangu mtuletee ile programu mpya haijawahi kusema SIJUI hata siku moja. Siku hizi inajua kila kitu."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mmoja akasema, "Imeenda chuo." Nami nikacheka kidogo, nikakisogelea kisanduku.

"Na mkaa mlibadilisha lini?" niliuliza.

"Tubadilishe wa nini na ni SALAMA?"

Nilipiga picha. Mstari kwenye skrini ulikuwa umelala chini kabisa, umenyooka kama uzi, maji safi kupita maji yoyote niliyowahi kuona. Sikuwa na bisibisi ya kufungulia bomba nikitazame kihisi. Mathe akanijazia chupa ya maji ya kunywa njiani, akanilazimisha niichukue. Mtoto wake wa mwisho, wa kike, wa miaka mitatu hivi, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa akinywa kwa kikombe cha plastiki. Alinipungia mkono. Meno yake yalikuwa madogo na meupe, yale ya utotoni ambayo yangetoka. Yale mengine yalikuwa yanaumbwa wakati huohuo, ndani, mahali ambapo hakuna anayeona.

Hapo ndipo wiki yangu ya kutolala ilipoanza.

Jumatatu, boss akiwa ametoka, nilichukua kifaa cha akiba, nikakiwasha, nikachomoa kihisi kwenye kikombe cha maji na kukiweka juu ya meza. Nilikipangusa kwa kitambaa mpaka kikauke. Nikangoja.

SALAMA.

Nikakishika hewani. SALAMA. Nikakata waya kabisa kwa mkasi. SALAMA, na mstari umelala chini umenyooka. Meza ilikuwa salama kunywewa. Hewa ya Nakuru ilikuwa salama. Kitu kisichokuwepo kilikuwa salama kuliko vyote.

"Unafanya nini na mkasi?" dada wa meza ya pili aliuliza.

"Najaribu tu."

"Profesa, ukianza kukata waya, mimi nitaomba uhamisho."

Nikafungua faili la ujenzi. Neno langu lilikuwa palepale juu, nililiona mara moja, kama mtu anavyoona jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Nikalifuta. Nikaamuru chombo kijenge upya. Nikaiweka programu kwenye kifaa, nikangoja tena.

SALAMA.

Nataka kueleza furaha niliyoipata, kwa sababu siipendi. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikatazama watu wakipakia magunia ya chakula cha ng'ombe. Neno langu lilikuwa limetoka na mashine ilikuwa bado inadanganya, kwa hiyo mwongo hakuwa mimi. Pengine alikuwa yule aliyeandika SIJUI, au waliotengeneza kihisi, au mtu yeyote mwingine. Kwa saa mbili nilikuwa mtu mwepesi. Mtoto wa Kariandusi hakunijia akilini hata mara moja. Nilimnunulia dada mandazi.

"Umepandishwa cheo?" aliniuliza.

"La. Nimegundua tu kosa si langu."

"Kosa gani?"

Nikamwelekeza kwenye skrini yangu ili aone, na nilipokuwa nikipandisha mistari ya majibu ya chombo, nikasoma sentensi ambayo mwanzo sikuisoma. Chombo kilikuwa kimesema hakuna cha kufanya. Chombo cha ujenzi hakiangalii maagizo, kinaangalia faili. Kama faili la programu halijaguswa tangu lijengwe, kinaona halina haja ya kujengwa tena, hata kama umebadilisha jinsi ya kulijenga. Kwa hiyo nilipofuta neno langu, hakikujenga chochote. Kilinirudishia vitu vilevile vya zamani, vikiwa na neno langu ndani yake.

Dada aliona uso wangu, akaacha kutafuna.

Nilifuta vyote vilivyojengwa. Nikarudisha kwanza neno langu, nikakiambia chombo kijenge huku kikinionyesha kila agizo kinalolipeleka kwa kompaila. Mistari ikashuka, na katika kila mstari, bila kuruka hata mmoja, neno langu lilikuwepo. Lilikuwa kwenye faili la kuchora, ndiyo. Lilikuwa pia kwenye faili la saa, la taa, la kutuma ujumbe. Na lilikuwa kwenye faili la kupima, lenye ule mstari wa yule mtu unaouliza, je, hii ni namba? Kompaila ilikuwa imeahidiwa kwamba daima ni namba. Swali ambalo jibu lake linajulikana halina maana, basi ikalitupa. Na thamani ambayo si namba, ukiuliza kama imezidi kiwango, jibu ni hapana. Haijazidi. Kijani.

Kisha nikafuta vyote tena, nikajenga bila neno. SIJUI, ikasema mashine, kwa manjano, waya wake uliokatwa ukining'inia.

Nikaunganisha waya mpya. Ile chupa ya mathe ilikuwa bado kwenye mkoba wangu, nusu yake nilikuwa nimeinywa. Nikamimina iliyobaki kwenye kikombe, nikatumbukiza kihisi kizima. Mstari ulipanda mpaka ukagota juu ya skrini. HATARI. Nikasuuza, nikarudia. HATARI. Nikaangalia kumbukumbu ambazo kile kisanduku cha Kariandusi kilikuwa kikizituma ofisini. Tangu wiki ya tatu ya mwezi wa tatu, sifuri, kwani kisicho namba kilifika kwetu kama sifuri. Sifuri kila saa, mchana na usiku. Hakuna mtu aliyezitazama, kwa sababu kompyuta yetu ilipaka rangi ya kijani kila sifuri.

Nilimngoja boss hadi saa kumi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, nikionyesha mistari, kikombe, kumbukumbu. Alisikiliza mpaka mwisho, lazima niseme hivyo. Alikuwa mtu wa kusikiliza.

"Umesharekebisha?" aliuliza.

"Nimesharekebisha."

"Basi safi. Tutaipeleka Kariandusi wiki ijayo, wageni wakishaenda."

"Na watu wa pale?"

"Watu wa pale wamefanya nini?"

"Wamekunywa, boss. Miezi mitatu. Tuwaambie ile SALAMA haikuwa kweli."

Akaegemea kiti. "Tuwaambie, halafu? Mkaa wa kubadilisha uko wapi? Mradi wa mkaa uliisha mwaka jana, unajua. Hatuna. Ukiwaambia, watafunga kioski, watarudi kwenye kisima kilekile, maji yaleyale, tena bila klorini ya kioski inayoua viini. Tofauti ni nini?"

Swali hilo nilikuwa nimejiuliza mchana kutwa.

"Hao watu wanakunywa hayo maji tangu babu zao," aliendelea, kwa upole. "Wewe mwenyewe, si hayo hapo meno yako? Na ukafika chuo kikuu. Ukaajiriwa. Kwani ulikufa?"

Dada aliinamisha kichwa kwenye kompyuta yake. Baadaye, boss alipotoka kupokea simu, aliniambia bila kugeuka, "Usifanye ujinga. Mimi nina watoto wawili na kampuni hii ndogo ikianguka inaniangukia mimi pia." Hakuniita Profesa. Nilijua anasema kweli. Wote walikuwa wakisema kweli, na hilo ndilo lililonichosha. Usiku ule na kesho yake nilizunguka kamba yangu. Nikiwaambia, nawanyang'anya kioski na nafasi ya mkaa ambao wale wageni pengine wangetoa. Nisipowaambia, mathe anaendelea kujaza kikombe cha mwanawe. Mashine ikirekebishwa kimya baada ya wageni, itaanza kusema HATARI siku moja asubuhi, na kila mtu ataamini maji yameharibika siku hiyo. Ile miezi yote ya nyuma itabaki kijani milele.

Jumatano asubuhi nilimpigia mama. Sikumweleza habari za flagi. Nilimuuliza tu, kama vile ni jambo lililonijia: "Mama, mimi nilipokuwa mdogo, ungejua maji yale yana shida, ungetaka kuambiwa?"

"Ningejua?" akasema. "Nilijua. Nesi aliniambia wewe hujatimiza mwaka."

Maisha yangu yote nilikuwa nimedhani hakujua.

"Sasa ulifanya nini?"

"Ningefanya nini? Nilichota palepale. Kulikuwa na pengine?"

"Basi kuambiwa kulikusaidia nini, mama?"

Nilisikia kuku nyuma yake na mlango wa bati ukifungwa. "Maji ya mvua nilikuwekea wewe," akasema. "Lile pipa dogo. Baba yako alilitaka la ng'ombe, tukagombana. Nikamwambia ng'ombe hana shida na meno. Mvua ikiisha, basi, tunarudi kisimani. Lakini yakiwepo, yalikuwa yako."

"Na bado yakatoka hivi."

"Ee," akasema. "Yakatoka hivi."

Hakujitetea. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula, nikakata simu, nikabaki nimekaa kitandani na viatu mkononi. Pipa lile nalikumbuka. Lilikuwa la bluu na nilichapwa mara moja kwa kunawia miguu maji yake, na sikuwahi kujua kwa nini nilichapwa vile.

Sikwenda ofisini. Nilimwandikia boss ujumbe mfupi kwamba naenda Kariandusi kuwaambia, na kwamba neno lile ni mimi niliyeliandika, mwezi wa pili, na nitasema hivyo. Nilipomaliza sikuusoma tena. Niliutuma, kisha nikaizima simu, kwa sababu najijua.

Nilifika kioskini kabla ya saa nne. Foleni ilikuwa ya wanawake kumi hivi na mzee mmoja mwenye punda. Mathe alinipokea kwa furaha. "Injinia! Picha hazikutoka vizuri?"

"Mathe, naomba nikizime hiki kisanduku kwanza."

"Ukizime? Na wageni wa kesho?"

Nilichomoa plagi. Ile kijani ikapotea, na kila aliyekuwa kwenye foleni akageuka, kama watu wanavyogeuka taa za mji zinapozimika. Kisha nikawaambia. Nilikuwa nimepanga maneno njiani lakini yalitoka vingine. Niliwaambia kijiti kilikufa mwezi wa tatu. Mashine ilipaswa kusema haijui, na haikusema kwa sababu mimi niliiandikia amri iliyoizuia kuuliza. Nilikuwa nikitaka iwe na haraka. Nimeyapima maji ya chupa niliyopewa, na ni mabaya. Chujio limechoka, na mkaa mpya kampuni haina, na sijui utatoka wapi.

Kisha mama mmoja mwenye kilemba cha bluu akauliza, "Kwa hiyo tunywe nini?"

"Sijui, mama."

"Umetoka Nakuru kuja kutuambia hujui?"

Mtu akacheka, kwa uchungu. Mzee wa punda akasema, "Sisi tulijua. Maji ya hapa yaliacha lini kuwa mabaya?" Akafungua bomba, akaanza kujaza mitungi yake. Mwingine akamfuata. Hakuna aliyeondoka na mtungi mtupu. Nilisimama pale nikiwatazama wakijaza, mmoja baada ya mwingine, na nilifikiri boss alikuwa sahihi. Tofauti ni nini?

Niliwaambia jambo moja tena, sauti ikiwa imeshuka. Kwamba wakubwa si kitu sana, meno yameshatoka. Ni watoto wadogo. Kwamba mvua ikinyesha, hata kidogo, mwenye bati akinge, na hayo yawe ya wadogo peke yao. Mama wa kilemba alinitazama mdomo nikisema. Sikuuziba.

Mathe alikuwa ameingia ndani ya kioski. Alitoka na kile kikombe cha plastiki, akamwaga yaliyokuwemo kwenye vumbi, akakisimamisha juu ya dirisha, kitupu. Mtoto akaanza kulia. Akambeba, akaniambia bila kunitazama, "Miezi mitatu nilikuwa nawakemea wanaowachotea watoto kisimani. Nawaambia, njooni hapa, hapa ni SALAMA."

Nilisema pole.

Mama mwingine alikuwa ameshuka kutoka njia ya juu, mtungi mgongoni na mtoto mchanga kifuani, akauliza mbona kisanduku kimezimwa. Mathe akaninyooshea kidole.

"Muulize huyu," akamwambia, kisha akanigeukia. "Mwambie na yeye. Yote, kama ulivyotuambia sisi."

Nikamsogelea, nikamsaidia kutua mtungi, nikaanza kumwambia.